Kibali cha Kulia

Hebu kaa kijiweni Kinondoni au Temeke uulize: mwanaume analia? Utachekwa. Lakini washikaji hao hao wakiwekewa wimbo mmoja wa taratibu wa bendi ya rock nzito, wananyamaza kama wako msibani. Kwa nini?

Mfano ninao wa nyumbani. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, ilipiga magitaa ya kupasua masikio. Kisha mwaka 1975, ndani ya albamu ya A Night at the Opera, wakaweka Love of My Life: piano, kinubi, na mtu anayemlilia mpenzi aliyemwacha. Jukwaani ilibaki sauti yake na gitaa kavu la Brian May. Januari 1985 kule Rio de Janeiro, umati wa watu ambao Kiingereza si lugha yao uliuimba mpaka Freddie akawaachia.

Wengi husema wimbo kama huo unagusa kwa kuwa ni wa kweli, na kelele ni maigizo. Sikubali. Kunong'ona nako huigizwa. Waulize akina dada waliokwisha kutongozwa. Mimi naona kinachotugusa ni kibali. Mbabe ameshaonyesha ubabe wake, kwa hiyo akilia tunamwita jasiri.

Hapo ndipo panaponiuma. Siti binti Saad, Mzanzibari mwenzake aliyefariki mwaka 1950, aliimba Kijiti, habari ya mwanamke aliyeuawa na muuaji akatoroka. Hakupiga kelele kwanza ndipo aombe ruhusa ya kusikitika. Lakini mshikaji akisikia taarab anasema, aa, hiyo ya akina mama, zima bwana.

Na kijana mpole je, asiye na ubabe wa kuweka rehani? Mtaani kwetu yupo mmoja. Siku tunamzika baba yake alilia kwa sauti pale makaburini. Mjomba akamshika bega: "Jikaze, we si mwanaume?" Akajikaza. Jioni kijiweni akasifiwa kwa hilo, wala hakuna aliyemuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani. Mpaka leo hamtaji. Ila redio ikipiga wimbo wa taratibu, yeye ndiye anayesema ongeza sauti.