Kunguru, Kaloli na Tembo wa Ishasha

Masomo: Ayubu 12:7-10, Walawi 11:13-19, 1 Wafalme 17:1-16

Neno hili tulishirikiana na familia zetu za hapa Kamwokya, na ndugu wengi wameomba liandikwe ili liwafikie pia walio Nakivale na Kyaka II.

Ayubu aliwaambia rafiki zake wakawaulize wanyama na ndege, nao watawafundisha. Aliyasema hayo akiwa ameketi majivuni, mali imekwisha, watoto wamekufa, na rafiki zake wanamweleza kwamba mabaya hayo amejiletea mwenyewe. Sisi tunaijua hali hiyo. Wapo waliotuuliza, "Mlifanya nini huko kwenu mpaka mkafukuzwa?" Basi leo na sisi tuwaulize wanyama, tukianza na yule tunayemwona kila siku.

Kila anayeishi Kampala anamjua kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Akisimama kwenye takataka karibu na soko, kimo chake kinamfikia mtoto wa shule, na akikunjua mabawa yanapita mita mbili. Hakuna anayempenda. Mtoto wetu mmoja alirudi nyumbani akilia kwa sababu wenzake walimwita kaloli, eti amekuja mjini kula mabaki ya watu.

Lakini mtazameni vizuri mtini alikojenga. Dume na jike hulalia mayai kwa zamu. (Akina baba, nimesema kwa zamu. Tuendelee.) Yeye mwenyewe hula anachokikuta jalalani, ila makinda yanahitaji pia chakula chenye mifupa, kama samaki na vyura, ili mifupa yao ikomae, naye huenda kukitafuta. Ni mama wangapi kati yenu mnaotembea na vitenge begani kuanzia asubuhi, Wandegeya mpaka Ntinda, mkishinda na chai kavu, ili mtoto asifukuzwe shule? Mungu anawaona.

Sasa, Torati inamhesabu korongo kati ya ndege walio najisi. Na katika orodha hiyo hiyo yumo kunguru. Someni wenyewe, mstari wa 15 na wa 19. Halafu fungueni 1 Wafalme 17. Eliya amekimbia, mfalme Ahabu ni adui yake, anajificha penye kijito cha Kerithi. Mungu anamtumia chakula asubuhi na jioni, mkate na nyama. Anamtumia kwa mkono wa nani? Kunguru! Mungu hakukosa njiwa. Nabii aliyeijua Torati ilimpasa apokee chakula kutoka katika mdomo wa ndege aliyekatazwa kumla. Na kijito kilipokauka, Mungu hakumpeleka kwa tajiri wa Israeli. Alimpeleka Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa mjane wa taifa jingine aliyebakiwa na konzi moja ya unga.

Hapa inanipasa niseme la kwangu. Mwaka 2025, Goma ilipoangushwa mwishoni mwa Januari na Bukavu mwezi wa pili, watu wetu walianza kufika Kampala kwa mabasi. Usiku mmoja familia ya watu sita iligonga mlango wangu. Mnajua muzigo wa Kamwokya ulivyo, chumba kimoja, pazia katikati, jiko mlangoni. Mnajua pia kwamba aliyechagua kukaa mjini kwa kawaida hapewi posho ya chakula kama walio kwenye makazi. Niliwaambia nafasi hakuna, wangoje asubuhi niwatafutie ndugu wa kabila lao. Ndiyo, wapendwa, maneno hayo yalitoka kinywani mwa mhubiri.

Nilipoamka niliwakuta kwa jirani yetu, mama Mganda anayechoma ndizi kando ya barabara na kuuza pombe jioni. Mama huyo hasali nasi, na mimi nilikwisha kumsema mbele ya watu kwa ajili ya pombe yake. Alikuwa amewalaza sakafuni kwake, amewapikia uji, na sasa alikuwa akiwaosha watoto miguu. Alinisalimu vizuri tu, "Wasuze otya, pasita." Nilikosa la kumjibu. Mungu alikuwa ametuma kunguru tena, na mimi nimelala na Walawi wangu chini ya mto.

Ndiyo maana nawakumbusha habari za tembo. Wengi wenu mlivuka kwa Ishasha, penye ule mto unaotenga Virunga na hifadhi ya Queen Elizabeth. Tembo nao huvuka hapo. Risasi zilipozidi upande wa Kongo, walikuja huku. Na zamani, Uganda ilipokuwa na vita vyake, upande huu ndio uliokuwa wa kuchinjwa. Mwaka 2020 wahifadhi wa Virunga waliona mamia ya tembo wamerudi kutoka Uganda. Sisemi kwamba sisi tutarudi kesho. Bunagana ilichukuliwa Juni 2022, na wapo waliovuka na godoro moja wakidhani ni wiki mbili, mpaka leo tuko nao.

Nataka mwone jinsi wanavyotembea. Kundi la tembo huongozwa na jike mzee, kwa kuwa ndiye anayekumbuka maji yako wapi wakati wa kiangazi. Mwindaji akimpiga huyo, vijana hutangatanga. Na sisi bibi zetu tumewafanyaje? Wanashinda wamekaa mlangoni, hakuna anayewauliza jambo, na hali baadhi yao walikimbia vita mara tatu au nne wakavusha watoto wote salama. Tena ndama akinasa matopeni, majike wengine huja kumsaidia mama yake kumtoa. Sijasikia kwamba huuliza kwanza ndama huyu ni wa mlima gani au anasema lugha gani.

Ile familia ya watu sita imepata chumba upande wa Kifumbira. Baba anabeba mizigo sokoni, mama ameanza vitenge. Mtoto wao mkubwa bado hajaanza shule, anakosa daftari na sare. Mwenye sare iliyombana mwanawe ailete Jumapili, ampe mama shemasi baada ya ibada. Na Jumamosi saa kumi jioni nitakwenda kwa yule mama wa ndizi kumwomba radhi. Nimewaomba bibi zetu wawili wanisindikize, na nafasi bado ipo kwa wengine.