Amri ya Nane na Habari za Vita



Jumatatu ya Pasaka twasikia katika Injili ya Mtakatifu Matayo jinsi askari waliolinda kaburi walivyokwenda mjini kuwaeleza makuhani wakuu yaliyotukia. Walipewa fedha nyingi, wakafundishwa la kusema: wafuasi walikuja usiku wakamwiba Yesu, sisi tukiwa usingizini. Mtakatifu Augustino aliwacheka mashahidi hao: aliyelala aliona nini? Walakini habari ile ilienea.

Na hapa kwetu yalitokea ya namna hiyo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, wakauawa usiku uleule. Watu hawakuambiwa. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, aliwatangazia waandishi wa magazeti kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Jina la kijiji alikataa kulitaja. Tazameni ufundi wake: damu yaondolewa mikononi mwa wakubwa, yapakwa mikononi mwa wakulima wasio na jina. Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilieleza kwamba waliuawa mbele ya wakubwa wa Katanga, na Wabelgiji wakiwapo. Miaka 40! Wangapi walikwisha kufa wakikisadiki kijiji kile?

Wala si lazima kubuni kisa kizima. Pengine neno moja latosha. Mji ukitwaliwa, huyu asema umekombolewa, yule asema umetekwa. Sisi wa Katanga twalikumbuka neno «bilulu», yaani wadudu, walivyoitwa watu wa Kasai katika hotuba za mwaka 1992. Mdudu hana mama, hana ubatizo, hufukuzwa tu. Nao walifukuzwa kwa maelfu, wakalala na watoto wao penye kituo cha gari la moshi cha Likasi. Wengi walikuwa Wakristu, kama wale waliowafukuza.

Goma ilipotwaliwa na M23, Januari 2025, nililetewa katika simu picha ya maiti njiani, na chini yake maneno makali juu ya kabila moja. Niliipeleka kwa watu tisa kabla sijauliza ilipigwa wapi, na lini. Mmoja wao ndiye aliyeniuliza. Sikuwa na jibu, mimi ninayewafundisha watoto amri ya nane kila mwaka!

Katekisimu yatufundisha kwamba kuungama peke yake hakutoshi: aliyemharibia mwenziwe sifa njema yampasa kuitengeneza tena. Basi nilirudi kwa wale tisa, mmoja mmoja. Saba waliifuta picha mbele yangu. Wawili walikuwa wamekwisha kuipeleka kwa wengine, nao hao kwa wengine tena, wala sijui imefika wapi.