Mwenye Nguvu Mpishe

Kila anayetembea kwa miguu Dar es Salaam anaishi chini ya methali hii, hata kama hajawahi kuitamka: mwenye nguvu mpishe. Daladala likitanua kukwepa foleni, unapisha. Bodaboda ikipanda njia ya miguu, unapisha. Hata kwenye pundamilia, ambapo sheria inamtaka dereva asimame, unasubiri kwanza uone kama ana nia hiyo.

Kama ushauri, methali haina kosa. Gari halijui nani ana haki. Ndiyo maana binti wa dada yangu alipoanza darasa la kwanza, ikambidi avuke Barabara ya Shekilango kila siku, nilimfundisha nilivyofundishwa: simama, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena; usipite mbele ya daladala linaloshusha abiria; usikimbie. Jambo moja sikumfundisha. Dereva akisimama, mtoto huinua mkono na kuinamisha kichwa, kumshukuru. Ameona wakubwa tunavyofanya.

Hapo ndipo ninapokwama. Tunashukuru kwa kupewa kilicho chetu, na haki inayoshukuriwa kila siku hugeuka hisani. Siku hisani isipotolewa, hatuna cha kudai. Mtu akigongwa, umati huuliza: alikuwa anachezea simu? Alivukia wapi? Swali la mwendo wa gari huja mwisho, kama linakuja. Ushauri umegeuka hukumu.

Lakini mwendo ndio kiini cha jambo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa lina nguvu ya kugonga mara nne ya lile la kilomita 30, si mara mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Anayechoma shamba ndiye anayetakiwa kukata njia ya moto. Hatumlaumu jirani kwamba hakumwagia paa lake maji. Kwa nini barabarani tuhesabu kinyume?

Utasema dereva naye ni mtu. Kweli. Wa daladala anakimbizana na hesabu ya tajiri, na wapo wanaovuka wamelewa, usiku, bila kutazama. Lakini hoja hiyo haimrudishii mzigo mtembea kwa miguu. Inaupandisha juu, kwa mwenye gari na mchora barabara. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilikubali msingi huu: binadamu atakosea, hivyo barabara ijengwe ili kosa lisilipwe kwa uhai. Sisi pale Manzese tulijenga daraja la waenda kwa miguu. Linaokoa watu, sikatai. Ila anayepanda ni mama mwenye ndoo kichwani na magoti mabovu. Mwenye injini anapita chini bila kupunguza mwendo.

Mtoto nitaendelea kumwambia apishe, maana namtaka arudi nyumbani. Na aendelee kushukuru, adabu haina hasara. Ila akikua kidogo nitamwambia kwamba anayesimama kwenye pundamilia anatimiza wajibu, na kwamba kupisha si kukiri kosa.