Kuaga ni Deni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika vijiji vya Kilosa, kama Chanzuru, maneno hayo si mageni, kwani zamani mashamba ya mkonge ya wilaya hiyo yalipokea vibarua waliotoka mbali. Swali letu ni hili: aliyekwisha kupewa jembe, akalima pamoja nasi, yampasa aondokeje?

Machi 2020, kwa sababu ya korona, shirika la Marekani la Peace Corps liliwarudisha kwao wafanyakazi wake wa kujitolea wapatao 7,000, waliokuwa katika nchi zipatazo 60. Tanzania ilikuwamo. Walimu waliacha madarasa yao ghafula, na wengine hawakupata hata nafasi ya kuaga. Hatuwalaumu, amri haikuwa yao. Lakini huzuni iliyobaki pande zote yatufundisha kwamba kuaga si adabu tupu, bali ni haki ya anayebaki.

Aliyeshika jembe si mgeni tena, basi asiondoke kama mgeni. Alipe madeni yake, akabidhi kazi, aombe radhi alipokosa, ashukuru. Wala asiseme “Nitarudi” ili kufuta machozi tu, maana wanaobaki watahesabu miaka. Nasi tunaobaki tusimfunge kwa maombi ya zawadi. Tumwache aende kwa amani.

Na aliyeondoshwa ghafula je? Aandike barua, hata leo. Deni la kuaga halifutwi na umbali.