Shukrani Isiwe Sanamu

Kwa nini Warundi wengi walimchagua Pierre Nkurunziza mara ya tatu mwaka 2015, ijapokuwa nchi iligawanyika, na wakimbizi wakavuka mpaka kuja hata Mabamba? Tusiwadharau wale waliomchagua. Walikumbuka vita, wengine waliogopa. Tena walimwona akifanya kazi ya mikono pamoja nao. Tangu 2005 watoto wao walisoma shule ya msingi bila ada, na tangu 2006 mama zao walijifungua bila malipo.

Waisraeli nao walimtaka Gideoni awatawale kwa sababu aliwaokoa. Naye alikataa, maana Bwana ndiye Mtawala (Waamuzi 8:22-23). Basi tushukuru kwa mema tuliyotendewa, lakini shukrani isitufumbe macho tusimwone jirani anayekimbia. Amina.