Kwa Nini Hawakumpaka Mbuzi

Ukikaa kwenye kibanda umiza hapa Kituntu Jumamosi jioni, haipiti saa moja kabla hujaona jeshi la mapanga na ngao likikutana na bunduki. Filamu hizo zinapendwa, na mimi nazipenda. Mara nyingi mwenye upanga hushinda: ana moyo, au ana mganga, au mtunzi amemwonea huruma. Vijana hupiga makofi. Jumatatu nikiingia darasani na tamthilia ya Ebrahim Hussein mkononi, mikuki inakutana na bunduki tena, ila safari hii mtunzi hamwonei mtu huruma.

*Kinjeketile* ilitoka mwaka 1969. Imejengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ingawa Hussein alisema wazi kwamba mtu wake ni wa kubuni. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Maji yake yalikwenda mbali bila yeye. Tarehe 30 Agosti wapiganaji kwa maelfu waliiendea boma ya Mahenge mchana kweupe, wakiamini risasi zitageuka maji. Bomani kulikuwa na bombomu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakumpaka mbuzi yale maji, wakampiga risasi, wakaona?"

Darasa lilicheka. Mimi naliona hilo ndilo swali la maana kuliko yote yanayotungwa kwenye mitihani juu ya tamthilia hii. Tena huwezi kulikwepa kwa kusema watu wale hawakuwa na bunduki, maana magobole yalikuwapo kwao. Mbuzi pia walikuwapo.

Jibu langu la kwanza ni kwamba maji yale hayakuwa dawa tu, yalikuwa kiapo. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni hawakuwa watu wa chungu kimoja. Aliyeyanywa au kupakwa alikuwa ameingia katika neno moja na mtu wa mbali asiyemjua, na kiapo hakipimwi kwa mbuzi. Ukisema "ngoja kwanza tujaribu," umeshajitoa. Bila imani ile wasingekusanyika, na bila kukusanyika wangeendelea kulima pamba ya Mjerumani kwa viboko, kila kijiji na maumivu yake.

Jibu hilo ni zuri, lakini haliniridhishi. Kiapo kingeweza kusema "tutakufa pamoja." Hiki kilisema "hatutakufa," na hayo ni mambo mawili.

Sisi huku Karagwe vita vile havikutufika. Watawala wa Bweranyange walikuwa na mikuki ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, mingine si ya kumchomea mtu bali ni alama ya ufalme. Mwaka 1861 Rumanyika alimpokea Speke, na mwaka uliofuata mgeni huyo akafika Buganda na bunduki za zawadi. Speke mwenyewe ameandika kwamba Kabaka Mutesa alimpa kijana wa ikulu bunduki iliyojazwa, akamtuma aende nje akampige mtu. Kijana akarudi akichekelea: inafanya kazi. Kwa hiyo bunduki ilijaribiwa, na hakuna aliyeuliza jina la mtu yule. Nikilifikiria hilo, hamu yangu ya majaribio hupungua. Lakini mbuzi si mtu, na mwanafunzi wangu alisema mbuzi.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekwenda Uganda na mgambo mwaka 1979, alinisikiliza nikieleza haya, akaniambia, "Mwalimu, hata sisi tulipewa maji. Tuliambiwa tutarudi." Nilikaa kimya. Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Amin, Novemba 1978, alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Wapiganaji wa Mahenge walikuwa na sababu na nia kuliko hata sisi. Uwezo ndio waliodanganywa kuwa wanao, na sisi mizinga yetu ilikuwepo kweli. Hata hivyo mzee yule hakuwa anapiga porojo. Kila kamanda humwambia askari wake neno lisilo na hakika, la sivyo hakuna atakayeinuka kutoka kwenye handaki.

Tofauti ninayoiona ni hii. "Mtarudi" ni neno juu ya kesho, na kesho haijulikani kwa msemaji wala kwa msikilizaji. Wote wawili wanajua kuwa ni dua. "Risasi itageuka maji" ni neno juu ya risasi, kitu cha leo, ambacho mtu angeweza kukijua kabla hajamtanguliza mwenzake. Ujasiri wa aliyeambiwa ukweli ni mali yake. Wa aliyefichwa umechukuliwa kwake kama kodi, na huko Mahenge kodi ilikuwa nzito. Kwa vita vyote, upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika waliowapigania 389. Upande wa pili makadirio huanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya vijiji, mashamba na maghala kuchomwa makusudi. Tuseme ukweli: moto ule uliwashwa na serikali ya Götzen, si na maji.

Hussein anajua yote haya, ndiyo maana anampa Kinjeketile shaka mapema. Anamwambia Kitunda wasubiri. Watu hawasubiri, kwa sababu neno limeshakuwa kubwa kumliko mwenyewe. Mwisho yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Wanafunzi wengi humlaumu hapo. Wanasema angekiri, angalau waliobaki wasingeendelea kufa. Mimi namlaumu kwa mengine, ya Ngarambe, alipokuwa huru, akizungukwa na watu wake, na mto uko karibu. Kule kifungoni anayedai ukweli ni yule aliyeshika bunduki, na hauhitaji ili mtu asife. Anauhitaji ili watoto wa waliokufa waambiwe kwamba hata sababu yao ilikuwa uongo.