Pamba, Moto na Kundi la Perseus

Mwaka 1095, mjini Baghdad, Abu Hamid al-Ghazali alikamilisha Tahafut al-Falasifa, na ndani yake akaacha swali ambalo halijazimika. Pamba imegusa moto, ikaungua: nani aliyeuona moto ukiiunguza? Jicho limeona viwili vimekutana, basi. Mwunguzaji, kwa Ghazali, ni Mungu. Karne iliyofuata Ibn Rushd wa Andalusia alimjibu kwa ukali kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe.

Mabishano hayo yanaishi leo kwenye darubini. Karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi katikati, na mengi yamelala. Machache yanameza gesi, na gesi hiyo kabla ya kuzama huwaka kwa nguvu inayoweza kuzishinda nyota zote za galaksi yake. Kwa nini haya yaamke na yale yalale? Watafiti wameyatazama mazingira. Mwaka 2017 Bianca Poggianti wa Italia na wenzake walichunguza galaksi zinazotumbukia kwenye makundi makubwa ya galaksi huku zikivuliwa gesi yake, na nyingi kati ya hizo zikakutwa na viini vilivyo macho. Je, msukumo wa kundi ndio ulioisogeza gesi hadi shimoni, au ni viwili vilivyokutana tu? Hapo Ghazali ana haki ya kuuliza.

Kundi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 240, linajibu vizuri zaidi. Gesi iliyojaa kati ya galaksi zake ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, nayo hutoa eksirei. Kwa hesabu, ile ya katikati ilipaswa kupoa na kuanguka kwa wingi, izae nyota tele. Nyota hizo hazikuonekana za kutosha. Kisha setilaiti ya Chandra ikaonyesha mapovu makubwa yaliyopulizwa na shimo jeusi la galaksi NGC 1275, na mwaka 2003 kikosi cha Andrew Fabian wa Cambridge kikatangaza viwimbi vinavyoyazunguka: mawimbi ya sauti, kila moja likichukua takriban miaka milioni 10 kupita. Gesi ikipoa hulilisha shimo; shimo likila huipasha gesi.

Wanateolojia wa Kiislamu walikataa daur, yaani A kumsababisha B na B kumsababisha A. Perseus haiwapingi, kwa kuwa kila hatua huja baada ya nyingine: gesi iliyopoa jana ndiyo inayoipasha ya kesho. Lakini mzunguko huo ni onyo kwa muumini mwenye haraka. Aliyesema mkono wa Mungu ndio ulioizuia gesi isipoe angekuwa ameiweka imani yake ndani ya pengo lililokuja kuzibwa na mapovu. Ibn Rushd alikuwa sahihi: kutafuta namna jambo linavyotendeka hakumpunguzii Muumba kitu. Swali la Ghazali linabaki hai ngazi moja juu, pale tunapouliza kwa nini kanuni zenyewe zishike.

Na kazi haijaisha. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, ilipima gesi hiyo muda mfupi kabla ya kuharibika, ikaikuta imetulia kuliko wengi walivyotarajia, mwendo wake ukiwa takriban kilomita 164 kwa sekunde. Joto la shimo husambaa kwa msukosuko, au kwa yale mawimbi ya sauti? Wataalamu bado wanabishana.